Kamera ya Pili Inapokataa Kuwaka

Barua nyingi zilizofika kwenye safu hii mwezi huu zinaeleza tatizo moja kwa maneno tofauti: msomaji ameunganisha kamera au vinasa-video (vifaa vidogo vinavyoingiza picha ya kamera au deki kwenye kompyuta kupitia USB) zaidi ya kimoja kwenye kompyuta yake, kila kifaa kikiwa peke yake kinafanya kazi bila kasoro, lakini vikiwekwa pamoja kimoja hugoma. Nimechagua barua tano na kuzifupisha. Ninaanza na ile iliyonigusa kuliko zote, kwa sababu wenye barua hiyo walikuwa wamekwisha kuanza kuchangishana fedha za kununua kompyuta ambayo, kwa maelezo waliyonipa, sioni kama wanaihitaji.

SWALI: Kanisa letu hurusha ibada ya Jumapili mubashara kwa ajili ya wagonjwa na ndugu walio mbali. Tuna kamera mbili za video zenye waya wa HDMI, kila moja ikiingia kwenye kinasa-video kidogo cha bei nafuu, pamoja na kamera ya wavuti inayoangalia kwaya. Vifaa vyote vitatu vimechomekwa kwenye habu moja ya USB yenye matundu manne ya rangi ya buluu, nayo habu imechomekwa kwenye kompyuta ya mpakato. Tunatumia OBS, programu ya kuchanganya na kurusha video. Kila Jumapili kuna kamera moja au mbili zinazobaki nyeusi, na si zile zile kila mara. Fundi wa kwanza alipiga Windows upya bila mafanikio, na wa pili amesema kompyuta ni dhaifu, tununue nyingine. Tufanye nini? (Mwanakamati wa kanisa, Morogoro)

JIBU: Ndugu yangu, naomba msimamishe mchango huo hadi mtakapofanya jaribio moja lisilogharimu hata shilingi. Dalili ulizozieleza si za kompyuta dhaifu. Kompyuta iliyoelemewa huonyesha picha zote, ila huzionyesha kwa kukatikakatika na kwa kuchelewa; haichagui kamera moja ikaionyesha vizuri huku ikiinyima nyingine picha kabisa. Mambo yanapokuwa hivyo, mara nyingi chanzo ni njia ya USB ambayo vifaa vyote vinapitia, wala si prosesa au Windows.

Njia ya USB 2.0 ina uwezo wa kubeba megabiti 480 kwa sekunde, lakini uwezo huo wote hautolewi kwa video. Kwa kuwa picha zinapaswa kufika kwa wakati, kamera nyingi haziingii njiani kwa kubahatisha, bali hukata tiketi kwanza, kama abiria wa basi la mkoani anayelipia kiti kabla ya siku ya safari. Kanuni za USB 2.0 zinaruhusu tiketi za namna hiyo zichukue asilimia 80 tu ya njia, yaani megabiti 384. Kamera moja inaweza kukata hadi megabiti 196.6, na vifaa vingi vya bei nafuu huomba kiwango hicho cha juu moja kwa moja, hata kama picha yenyewe imebanwa na ingetosheka na sehemu ndogo tu ya nafasi hiyo. Jumlisha sasa: vifaa viwili vikiomba kiwango hicho, jumla inafika megabiti 393. Vimezidi kikomo kwa megabiti 9 tu, lakini basi likijaa limejaa, na kondakta haangalii kama aliyelipia viti viwili amekalia kimoja. Kifaa kilichochelewa hunyimwa tiketi, nanyi mnaona weusi kwenye skrini. Hii ndiyo sababu kamera inayobaki nyeusi inabadilika kila Jumapili, kwa maana iliyotangulia kuwashwa ndiyo inayopata nafasi, na sidhani kama kuna anayekumbuka mliwasha ipi kwanza wiki iliyopita.

Rangi ya buluu ya habu yenu, ambayo kwa kawaida ni alama ya USB 3.0 yenye kasi zaidi, imewapotosha ninyi kama ilivyowapotosha wengi. Ndani ya habu ya USB 3.0 kuna habu mbili zilizokaa pamoja, moja ya vifaa vya 3.0 na nyingine ya vifaa vya 2.0, na kila moja ina nyaya zake. Habu hiyo haigeuzi kifaa cha 2.0 kuwa cha 3.0. Kamera za wavuti karibu zote ni za USB 2.0, na vinasa-video vingi vya bei nafuu pia ni vya USB 2.0, hata vile ambavyo mtengenezaji ameweka plastiki ya buluu kwenye ncha yake. Kwa hiyo vifaa vyenu vitatu vinabanana kwenye njia moja ya megabiti 480, huku njia pana ya pembeni ikiwa tupu kabisa.

Jaribio ninaloliomba ni hili. Ondoeni habu. Chomekeni kinasa-video kimoja kwenye tundu la upande wa kushoto wa kompyuta, na cha pili kwenye tundu la upande wa kulia, kisha washeni OBS mkiwa na hivyo viwili tu. Katika kompyuta nyingine kila tundu lina njia yake ya USB 2.0, na hapo tatizo litakuwa limekwisha; katika nyingine matundu yote yanagawana njia moja, na mara nyingi kamera iliyojengwa ndani ya kompyuta nayo imo humo humo. Mkitaka kuona kwa macho, bonyezeni kitufe cha kulia cha kipanya juu ya nembo ya Windows, fungueni Device Manager, halafu kwenye menyu ya mwonekano chagueni vifaa vipangwe kwa muunganisho badala ya kwa aina. Mtaona mti, na kwenye mti huo mtaona ni kidhibiti kipi cha USB kinachobeba kamera ipi, na kama kuna habu katikati. Ningependa kila fundi autazame mti huo kabla hajagusa kitu kingine, kwa sababu unachukua dakika tano kuusoma, wakati kupiga Windows upya kunachukua nusu siku na hakubadilishi idadi ya viti kwenye basi.

Ndani ya OBS, fungueni sifa za kila kamera na muache kuiruhusu programu ijiamulie. Wekeni ukubwa wa 1280 kwa 720, fremu 30 kwa sekunde, na muundo wa MJPEG, ambao hubana picha. Picha isiyobanwa ya muundo wa YUY2 hutumia baiti mbili kwa kila pikseli, na kwa ukubwa huo na kasi hiyo inahitaji megabiti 442 kwa sekunde, kiasi ambacho USB 2.0 haiwezi kukibeba hata kamera ikiwa moja. Kwa ukubwa wa 1920 kwa 1080 inafika megabiti 995. Nawaonya tu kwamba kuchagua MJPEG hakupunguzi tiketi katika kila kifaa, kwa sababu, kama nilivyosema, vipo vinavyoomba kiwango cha juu hata wakati abiria wao ni mwembamba. Mkiona mmepunguza ukubwa wa picha na kamera ya pili bado ni nyeusi, fahamuni kwamba kifaa chenu ni cha aina hiyo, na msipoteze muda zaidi kwenye mipangilio.

Ikifika hapo, badilisheni kinasa-video kimoja tu, mnunue ambacho kweli ni cha USB 3.0. Kwa kuwa data za kasi ya 3.0 hupita kwenye nyaya tofauti na zile za 2.0, kifaa hicho kitaondoka kwenye msongamano, na kile cha zamani kitabaki na nafasi ya kutosha. Kichomekeni kwa mkono mmoja wa haraka hadi mwisho. Kikiingizwa polepole, pini za 2.0 zinaweza kugusana kwanza na kompyuta ikakitambua kama kifaa cha 2.0. Msikimbilie kununua viwili vya 3.0 kwa ajili ya picha za 1080 zenye fremu 60 zisizobanwa, kwa sababu kila kimoja kitahitaji karibu megabaiti 249 kwa sekunde, na kidhibiti kimoja cha USB 3.0 hakiwezi kuvibeba vyote viwili.

Na kama waumini wameshatoa fedha na wangependa zitumike, maoni yangu ni kwamba zitumike kwenye kichanganya-picha na si kwenye kompyuta. Vifaa kama ATEM Mini ya Blackmagic Design, iliyotoka mwaka 2019, hupokea kamera nne za HDMI na kuingiza kwenye kompyuta picha moja tu kupitia waya mmoja wa USB. Kubadilisha kutoka kamera moja hadi nyingine kunafanyika nje ya kompyuta, na ugomvi wa njia unakuwa haupo tena.

Jambo la mwisho kwenu: vinasa-video viwili vya aina moja hujitambulisha kwa jina moja, na vingi havina namba ya pekee ya kuvitofautisha. Windows hulazimika kuvitambua kwa tundu vilipochomekwa, na OBS hufuata utambulisho huo. Mkibadilisha matundu, kamera ya madhabahuni inaweza kujitokeza mahali pa kamera nyingine, au isionekane kabisa. Bandikeni kipande cha karatasi kwenye kila tundu na kwenye kila waya, na anayefungua vifaa Jumapili jioni awe ndiye anayevifunga Jumapili inayofuata, au amwachie mwenzake maelezo yaliyoandikwa.

SWALI: Nina studio ndogo ya picha na nimeanza kazi ya kuhamisha kanda za VHS za harusi za watu kwenda kwenye kompyuta. Kinasa-video cha kwanza kilifanya kazi vizuri kwa miezi kadhaa. Nikanunua cha pili kinachofanana nacho kwa kila hali, rangi, maandishi na boksi, ili niweze kuhamisha kanda mbili kwa wakati mmoja. Baada ya kuweka draiva (programu ya kukiendesha kifaa) iliyokuja kwenye sidii ya hicho cha pili, vyote viwili havifanyi kazi. Je, nimeuziwa kifaa kibovu? (Mwenye studio, Tanga)

JIBU: Huenda vyote viwili ni vizima. Vinasa-video hivi vidogo, vinavyouzwa kwa jina la EasyCap na kwa majina mengine mengi, hutengenezwa na viwanda tofauti vinavyotumia gamba la aina moja. Ndani yake kuna chipu za familia zaidi ya moja, na draiva ya chipu moja haiwezi kuendesha chipu nyingine. Sidii ya kifaa cha pili imeweka draiva yake, na inaelekea imegusa pia mpangilio wa kile cha kwanza.

Usivitambue kwa gamba, vitambue kwa namba. Chomeka kimoja tu, kifungue ndani ya Device Manager, nenda kwenye maelezo yake, kisha tafuta utambulisho wa maunzi. Utaona herufi VID na PID, kila moja ikifuatiwa na tarakimu nne. Namba 05E1 na 0408 ni za chipu ya STK1160, na namba 1B71 na 3002 ni za chipu ya UTV007. Andika namba hizo kwenye karatasi, kitoe, chomeka kile kingine na uandike zake. Zikitofautiana, umepata jawabu la fumbo lako.

Baada ya hapo ondoa draiva zote mbili, na wakati wa kuziondoa hakikisha umeweka alama kwenye kisanduku kinachoiambia Windows ifute na mafaili ya draiva, kwa sababu bila hivyo kompyuta itairudisha ile ile mara tu utakapochomeka kifaa. Washa kompyuta upya. Chomeka kinasa-video cha kwanza kwenye tundu lake, weka draiva yake, kijaribu, kitoe; kisha fanya vivyo hivyo kwa cha pili kwenye tundu jingine. Kama unatumia Windows 11 na draiva ni ya zamani, ulinzi wa kumbukumbu wa mfumo huo unaweza kuikataa. Sikushauri uzime ulinzi huo kwenye kompyuta unayoitumia pia kwa benki na barua pepe. Mafundi wa kanda wengi huona nafuu kutumia Linux kwa kazi hii, kwa kuwa draiva za chipu hizo mbili nilizozitaja zimo tayari ndani ya mfumo na hazihitaji sidii.

Hata hivyo, baada ya kukueleza namna ya kuvipatanisha, nakushauri usivitumie pamoja. Kanda za kwetu zimerekodiwa kwa mfumo wa PAL, fremu 25 kwa sekunde, na picha ya 720 kwa 576 isiyobanwa inahitaji megabiti 166 kwa sekunde. Mbili ni 332. Kwenye karatasi zinaenea ndani ya zile 384 nilizomweleza msomaji wa Morogoro, lakini zinaenea kwa kubanana, na kila kompyuta itakaposhughulika kuandika kwenye diski baadhi ya fremu zitapotea. Fremu ikipotea utalazimika kuirudia kanda, na kila unapoirudia unausugua tena utepe wenye umri wa miaka 30 ambao ndio nakala pekee ya sauti ya bibi harusi na wazazi wake, ambao huenda wameshafariki. Kwa kazi ya thamani hiyo, kanda moja kwa kompyuta moja ndiyo kipimo ninachokishikilia. Kompyuta ya pili si lazima iwe mpya; picha za PAL ni ndogo, na mashine ya mezani iliyotumika, yenye diski nzima, inazimudu vizuri.

SWALI: Ninafundisha Kiswahili kwa wanafunzi walio Ujerumani kwa kutumia Zoom. Kamera moja hunionyesha uso, na nyingine imening'inizwa juu ya meza ili waone ninavyoandika. Nimeweka OBS ili niweze kuzionyesha zote mbili, lakini Zoom huniambia kwamba kamera inatumiwa na programu nyingine, au hunionyesha picha nyeusi yenye nembo. (Mwalimu, Mombasa)

JIBU: Mwalimu, hapa njia si nyembamba, ni kwamba kamera moja imepewa mabwana wawili. Kwa desturi ya Windows, programu iliyotangulia kuifungua kamera ndiyo inayoimiliki. Tangu mwaka 2016 Windows 10 iliwekewa huduma ya kati inayoweza kuwagawia wengi picha ya kamera moja, lakini si kila programu inapitia huduma hiyo, kwa hiyo usiitegemee. Ukiwa na OBS, iache OBS izimiliki kamera zote mbili, washa kamera pepe iliyomo ndani yake, yaani picha ya OBS inayojitokeza kwa programu nyingine kana kwamba ni kamera (imo humo tangu toleo la 26 la mwaka 2020), kisha ndani ya Zoom chagua kamera pepe hiyo na usiiguse kamera halisi hata moja. Fuata utaratibu huo huo kila siku: OBS kwanza, kamera pepe pili, Zoom mwisho. Picha nyeusi yenye nembo unayoiona ina maana kwamba Zoom imekwisha kuichagua kamera pepe lakini OBS haijaanza kuitumia.

Ndani ya OBS kwenyewe lipo kosa jingine linalofanana na hilo, nalo ni kuongeza kamera ile ile kama chanzo kipya katika kila onyesho. Chanzo cha pili kinakuta kamera imeshachukuliwa na kinabaki cheusi. Unapotengeneza onyesho jipya, chagua kuongeza chanzo kilichopo tayari.

Kwa kazi yako, lakini, sioni haja ya OBS. Ndani ya Zoom, unapobonyeza kushiriki skrini, ipo sehemu ya chaguo za ziada ambamo unaweza kushiriki picha ya kamera ya pili. Uso wako unabaki kwenye dirisha lake, daftari linajaza skrini ya mwanafunzi, na hakuna programu mbili zinazogombania kitu. Uangalie pia kama kompyuta yako haina kamera pepe zilizoachwa na programu ulizoziondoa zamani, kwa sababu mabaki hayo hubaki kwenye orodha na programu nyingine huyachagua kwa kuwa yametangulia.

SWALI: Ninafanya mradi wa mwisho wa chuo wa kuhesabu magari kwenye makutano ya barabara kwa kamera nne za wavuti zilizounganishwa kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 inayotumia mfumo wa Linux. Kamera moja inafanya kazi. Nikiwasha ya pili, Linux inatoa ujumbe kwamba hakuna nafasi iliyobaki kwenye kifaa. Nimefuta mafaili, nimenunua kadi kubwa zaidi ya kumbukumbu, ujumbe ni ule ule. Tena namba za kamera hubadilika kila ninapowasha upya. (Mwanafunzi, Eldoret)

JIBU: Pole kwa gharama ya kadi. Ujumbe huo umewapoteza wengi, kwa sababu Linux hutumia msimbo mmoja wa hitilafu kwa mambo mawili: diski iliyojaa, na njia ya USB isiyokuwa na nafasi ya tiketi nyingine. Hapa linakusudiwa jambo la pili. Raspberry Pi 4 ina matundu manne ya USB, mawili ya buluu na mawili meusi, lakini yote yanapitia kidhibiti kimoja, na vifaa vyote vya USB 2.0 vinagawana njia moja ya megabiti 480 popote utakapovichomeka. Amri ya lsusb -t itakuchorea mti wake.

Kamera zako huenda zinaomba megabiti 196.6 kila moja bila kujali ukubwa wa picha. Draiva ya kamera hizo, uvcvideo, ina chaguo la kuacha kuamini ombi la kamera na kukokotoa yenyewe nafasi inayohitajika. Iondoe kwenye kumbukumbu, kisha ipakie tena kwa amri ya modprobe uvcvideo quirks=128. Chaguo hilo linasaidia kwa picha zisizobanwa tu, kwa hiyo ndani ya programu yako chagua muundo wa YUYV na ukubwa unaolingana na kazi. Sidhani kama kuhesabu magari kunahitaji picha kubwa. Kwa 320 kwa 240, fremu 15 kwa sekunde, kila kamera inahitaji megabiti 18.4, na zote nne hazifiki 74. Ukiziacha kwenye 640 kwa 480 na fremu 30, kila moja inahitaji 147, na ya tatu haitapata nafasi.

Kuhusu namba, usiitegemee video0 au video1. Namba hizo hutolewa kwa mpangilio ambao kamera zimetambuliwa wakati wa kuwasha, na zaidi ya hapo, tangu toleo la 4.16 la kiini cha Linux kila kamera ya aina hii hupata mafaili mawili, la picha na la taarifa za ziada, ndiyo maana kamera nne zinakuonyesha orodha ndefu na nusu yake haifunguki. Tumia majina yaliyomo kwenye folda ya /dev/v4l/by-path, ambayo yanafuata tundu. Folda jirani ya by-id inafuata namba ya pekee ya kamera, na kamera za bei nafuu za toleo moja mara nyingi zina namba inayofanana au hazina kabisa, kiasi kwamba moja huifunika nyingine.

SWALI: Vinasa-video vyangu viwili huwaka vyote, lakini baada ya dakika kama 20 kimoja hukatika na kurudi, hasa nikiwa narekodi kwenye diski ya nje. (Mpiga picha wa sherehe, Mwanza)

JIBU: Kwa kuwa vinawaka pamoja, tiketi zimepatikana, chunguza umeme. Tundu la USB 2.0 limewekewa kikomo cha miliampia 500 na la USB 3.0 miliampia 900, na habu isiyo na adapta yake hugawana kiasi hicho hicho kwa vifaa vyote ilivyobeba. Diski ya nje inayozunguka peke yake inaweza kukaribia kukimaliza. Iondoe kwenye habu na uichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, au urekodi kwenye diski ya ndani na uhamishe mafaili baada ya sherehe, jambo ambalo pia litakupunguzia foleni kwenye njia ya 3.0 kama vinasa-video vyako ni vya aina hiyo. Kisha ingia kwenye mipangilio ya umeme ya Windows uzime usinzishaji wa matundu ya USB. Kifaa kikiendelea kukatika, badilishana nyaya kati ya hivyo viwili kabla ya kulaumu kifaa: hitilafu ikihama pamoja na waya, nunua waya mwingine mfupi zaidi.